Mwalimu wa Ufundi Apimwe Karakanani

Ukuta wa matofali ukianza kulala, hauanzi kwa kishindo. Mstari wa pili hutoka nje kwa unene wa ukucha, wa tatu huongeza kidogo, na ukifika wa saba, uzi wa timazi unagusa juu huku chini ukiacha mwanya wa kupitisha kidole. Mwanafunzi aliyeujenga haoni kitu, maana muda wote amekuwa akiliangalia tofali lililo mkononi, hakuuangalia ukuta. Mwalimu wake ana njia tatu. Anaweza kumwambia aubomoe aanze upya. Anaweza kuchukua mwiko akaunyoosha mwenyewe, darasa zima likimtazama kwa heshima. Au anaweza kumrudisha mwanafunzi hadi mstari wa pili, ampe timazi, amwache apime tofali moja moja mpaka apate pale mkono wake ulipoteleza, kisha amuulize alikuwa amesimama upande gani alipolilaza tofali hilo. Njia mbili za kwanza kila fundi anazijua. Ya tatu ndiyo ualimu. Hoja ya makala haya ni kwamba walimu wanagenzi wanaopelekwa kwenye vyuo vya ufundi vya Kitui na Makueni kufanya mazoezi ya kufundisha hawatayarishwi vya kutosha kwa njia hiyo ya tatu, na sababu kubwa ni kwamba tunawapima mahali pasipo pake: mbele ya ubao, kwa faili, ilhali kazi yao iko karakanani.

Kaunti hizi mbili zina uzito katika jambo hili. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, wengi wao wakiwa vijana wanaoishi katika ardhi kame ambako mvua mbili za mwaka haziaminiki na shamba peke yake halitoshi kuendesha nyumba. Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliziachia serikali za kaunti vyuo anuwai vya vijiji, ambavyo leo huitwa vituo vya mafunzo ya ufundi stadi. Humo ndimo kijana wa Kyuso, Mutomo, Kathonzweni au Tawa hujifunza uashi, useremala, ushonaji, ufundi wa magari, umeme, kuchomelea vyuma au ususi. Juu ya vituo hivi kuna taasisi zilizo chini ya serikali kuu, kama ile ya Wote. Mwalimu mwanagenzi hutumwa kwenye ngazi zote mbili, kwa kawaida kwa muhula mmoja. Mara nyingi anatoka katika Chuo cha Walimu wa Ufundi cha Kenya, KTTC, kilichoko Gigiri, Nairobi, au katika vyuo vikuu vinavyofundisha elimu ya teknolojia.

Kwa nini tumefika mahali ambapo mwalimu wa ufundi anaandaliwa kana kwamba ni mwalimu wa historia? Jibu liko katika jinsi vyuo hivi vilivyozaliwa. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza watoto wanaomaliza shule ya msingi bila nafasi ya sekondari waende wapi, na kutokana na swali hilo vyuo anuwai vya kwanza vikaanza kufunguliwa miaka michache baadaye. Vilikusudiwa viwe vya gharama ndogo, vifundishe kazi inayohitajika palepale kijijini, na mwalimu wake awe fundi wa eneo hilo. Fundi huyo aliijua kazi, ila hakuna aliyemfundisha kufundisha. Serikali iliona upungufu huo, na mwishoni mwa miaka ya 1970 KTTC ikaanzishwa kwa msaada wa Kanada. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulikuja na ahadi ya kumfanya kila mtoto ajue kazi ya mikono. Ahadi ilikuwa njema, lakini karakana hazikujengwa za kutosha wala walimu hawakupatikana, na ilipofika 2002 masomo kadhaa ya vitendo yakapunguzwa. Halafu mwaka 2013 Kenya Polytechnic ya Nairobi na ile ya Mombasa zikawa vyuo vikuu kamili. Chuo cha kilimo cha Ukambani, mzazi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, Kitui, nacho kilipanda ngazi hiyohiyo mwaka huohuo. Siwalaumu waliotaka shahada kwa watoto wao. Lakini kila ngazi iliyopandwa ilimsogeza mwalimu wa ufundi karibu zaidi na ukumbi wa mihadhara, na kumweka mbali zaidi na jiriwa.

Mwaka huohuo wa 2013 Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi, iliyounda mamlaka ya TVETA ya kusajili vyuo na kuwapa leseni wakufunzi, pamoja na baraza la kutunga mitaala na kutathmini umilisi. Kwa mfumo wa umilisi, mwanafunzi hapewi asilimia tu. Hutangazwa kuwa ameimudu kazi au bado, na lazima aweke ushahidi wa alichokifanya kwa mikono yake. Haya ni mageuzi makubwa na ninayaunga mkono kwa moyo wote. Ajabu ni kwamba kipimo tulichomwekea mwanafunzi hatujamwekea mwalimu wake. Kijana wa uashi ataulizwa: ukuta uko wapi? Mwalimu wake mwanagenzi ataulizwa: andalio la somo liko wapi?

Tazama zoezi lenyewe linavyokwenda. Mwalimu mwanagenzi anaandika maazimio ya kazi ya muhula, anaandaa somo kwa dakika, anabandika kila karatasi kwenye faili. Mtathmini anafika kutoka mbali, mara chache kwa muhula, anaketi nyuma na fomu yake. Ana muda wa somo moja, kisha ana mwalimu mwingine wa kumwona chuo kingine, na barabara ya Kitui kwenda Ikutha haimsubiri mtu. Somo la nadharia kuhusu aina za saruji humalizika ndani ya saa moja, lina mwanzo na mwisho, na linaonekana vizuri kutoka kiti cha nyuma. Somo la kupiga plasta linakula asubuhi nzima. Nusu saa ya kwanza ni kuchunga mchanga na kuchanganya udongo wa saruji, saa inayofuata ni fujo, na mafunzo yenyewe hutokea mwishoni, pale plasta inapoanza kushika na mwanafunzi lazima aamue kama ni wakati wa kuisugua au bado. Mwalimu mwanagenzi mwenye akili timamu, akijua alama zake zinategemea saa hiyo moja, atachagua ubao. Hajafanya kosa, amekubali tu kipimo alichowekewa.

Hasara ya kipimo hicho inaonekana wazi zaidi katika mabwawa ya mchanga. Kitui ni mojawapo ya sehemu zinazojulikana duniani kwa mabwawa hayo, na shirika la SASOL limekuwa likiyajenga pamoja na wanavijiji tangu miaka ya 1990. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto wa msimu. Mvua ikinyesha, mto huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake mbali na jua, yakisubiri mama wa Mutitu aje kuchimba kisima kifupi wakati wa kiangazi. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji mashine. Uchungu wake ni kwamba hausamehe fundi mzembe. Msingi usipofika kwenye mwamba, maji hupita chini. Mbawa za ukuta zisipozama vya kutosha kwenye kingo, mto hujichongea njia pembeni, na ukuta unabaki umesimama peke yake katikati ya korongo, bila maji. Na hata msingi ukiwa sawa, saruji isipomwagiliwa maji siku saba au zaidi hukauka kabla ya kukomaa, ikawa dhaifu. Sasa fikiria kumfundisha kijana kumwagilia ukuta mahali ambapo kila mtungi wa maji umebebwa na punda kutoka mbali. Kitabu kinasema "mwagilia". Mwalimu anayejua kazi atamwonyesha jinsi ya kuufunika ukuta kwa magunia yaliyoloweshwa, alfajiri na jioni, ili mtungi mmoja ufanye kazi ya mitungi mingi. Somo hilo haliingii ubaoni. Linaingia kwa mwanafunzi kutoa gunia siku ya nne na kukwaruza ukuta kwa msumari, halafu kukwaruza ule wa jirani ulioachwa juani.

Fundi mzoefu anajua mambo mengi ambayo hawezi kuyasema. Sababu haihusu elimu yake hata kidogo. Mkono ukizoea, ujuzi hutoka kwenye ulimi ukahamia kwenye vidole. Muulize mshonaji wa miaka ishirini kwa nini ncha ya kola yake ni kali na ya mwanafunzi imevimba kama kidole kilichoumwa na nyuki, atakwambia ni mazoezi tu. Si mazoezi tu. Kabla ya kuigeuza kola alipunguza kitambaa kilichobaki kandokando ya mshono, akakata pembe mshazari karibu na uzi bila kuugusa, na alipofika kwenye kona alisimamisha cherehani sindano ikiwa chini, akageuza kitambaa, ndipo akaendelea. Amefanya hivyo mara maelfu na hajioni akifanya. Kazi ya kwanza ya mwalimu wa ufundi ni kuivunja kazi moja katika hatua zake, aone ni hatua ipi huwaponyoka wanaoanza, na asimame hapo. Hiyo ndiyo inayopaswa kufundishwa kwa mwalimu mwanagenzi, na haiwezi kufundishwa bila kitambaa mezani.

Wengine waliligundua hili zamani, na katika shida. Marekani ilipohitaji meli kwa haraka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa na mafundi stadi wachache na wafanyakazi wapya wengi wasiojua kitu. Charles Allen, mtaalamu wa elimu ya ufundi, alishiriki kuwageuza mafundi hao kuwa wakufunzi, na kitabu chake cha 1919 kilieleza hatua nne: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe, mwache ajaribu, mpime. Katika vita vya pili mbinu hiyo ilifupishwa ikawa mafunzo ya saa 10 tu kwa wasimamizi wa viwandani, nao walifundishwa kwa kufundisha kazi halisi mbele ya wenzao. Ujerumani imelifanya kuwa sheria: fundi anayetaka cheo cha Meister hufanya mtihani wenye sehemu nne, na moja kati ya hizo ni kuhusu kumfundisha mwanagenzi. Ufini nayo humtaka mwalimu wa ufundi awe na uzoefu wa miaka mitatu kazini, ndipo asome ualimu. Na hapa jirani, Tanzania ina Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro, chini ya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Nchi hizi hazifanani kwa utajiri wala historia. Kinachozifananisha ni kukataa kutenganisha kazi na ualimu wake.

Atatokea wa kusema kwamba fundi hahitaji kufundishwa kufundisha. Jua kali imezalisha mafundi tangu enzi bila fomu wala faili: kijana anakwenda gereji ya Emali, anaosha vipuri, anabeba spana, anatazama, na baada ya miaka michache anafungua yake. Hoja hii ninaiheshimu, kwa sababu ina ukweli. Kijana huyo anaingia katika kazi halisi, na mteja anayesubiri ni mtihani mkali kuliko mtihani wowote. Lakini angalia kinachotokea njiani. Anajifunza ujuzi wa bwana wake pamoja na makosa yake, bila njia ya kuyatenganisha. Anafundishwa kinachokuja: gari likija na tatizo la breki, anajifunza breki, na lisipokuja, hajifunzi. Na wengi huishia kubeba spana kwa muda mrefu kuliko walivyostahili, maana mwenye gereji hana haraka ya kumpoteza msaidizi asiyelipwa. Ualimu mzuri hufupisha miaka hiyo. Wala siombi jua kali iachwe nje. Naomba fundi wake hodari apewe nafasi ya kuingia karakana ya chuo kama mlezi wa mwalimu mwanagenzi, alipwe kwa siku hizo, na neno lake lihesabiwe katika alama.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni umaskini. Masomo ya vitendo yanakula saruji, mbao, nyaya, kitambaa, umeme. Chuo cha kijijini kinachosubiri fedha za kaunti hakiwezi kumpa kila mwanafunzi mfuko wa saruji aharibu. Ni kweli. Lakini waashi wanaofundisha wanajua kwamba ukuta wa mazoezi haujengwi kwa saruji: hujengwa kwa mchanga na chokaa, au udongo uliochungwa, ukapimwa, ukabomolewa, na matofali yakarudi kwenye rundo kwa kundi la kesho. Ruwaza ya shati hukatwa kwanza kwenye gazeti. Kola ya kwanza hushonwa kwa kitambaa cha nguo kuukuu. Mwalimu mwanagenzi akifundishwa kutengeneza mazoezi ya namna hii, umaskini wa chuo unapunguza kasi, hauzuii somo. Asipofundishwa, hata chuo chenye ghala lililojaa kitamwona akiandika ubaoni, kwa sababu ndicho alichozoea. Na mara nyingi umaskini huwa kisingizio tu: mashine iliyonunuliwa kwa fedha za umma inakaa chini ya turubai kwa sababu anayepaswa kuifundisha anaiogopa.

Kuna neno linalopaswa kusemwa kuhusu lugha. Maswali ya tathmini na vitabu viko kwa Kiingereza, lakini karakana za Kitui na Makueni huongea Kikamba na Kiswahili, na majina ya vifaa hutembea katika lugha zote tatu kwa wakati mmoja. Kijana anaweza kushika patasi na randa barabara, akajikwaa kwenye karatasi. Mwalimu mwanagenzi hufundishwa kuliona hilo kama tatizo la kuficha mtathmini akija. Ningependa afundishwe kinyume: aeleze kazi kwa lugha ambayo mwanafunzi ataelewa hatari yake mara moja, hasa kwenye umeme na msumeno wa mashine, kisha amjengee majina ya Kiingereza polepole juu ya kitu anachokijua tayari mkononi. Mtu hukumbuka jina la kitu alichokwisha kukitumia.

Je, tutaacha nadharia? Hapana, na anayenisoma hivyo amenisoma vibaya. Fundi wa umeme asiyejua kukokotoa mzigo wa saketi ataunguza nyumba ya watu. Mwashi asiyejua uwiano wa saruji, mchanga na kokoto atakisia, na kukisia ndiko kunakoangusha dari. Ninachokataa ni utaratibu unaoitanguliza nadharia na kuiacha ijitegemee, halafu vitendo vikaja kama sherehe ya kufunga muhula. Mwanafunzi aliyechanganya saruji mara mbili, moja ikashika na nyingine ikamomonyoka, ana swali kichwani, na hapo uwiano wa moja kwa mbili kwa nne unakuwa jibu lake. Bila swali hilo unabaki kuwa namba tatu za kukariri.

Kwa hiyo tathmini ibadilike. Mtathmini wa kutoka Nairobi aje, lakini mzigo mkubwa wa alama ubebwe na mkufunzi mwenyeji aliyefundishwa kulea, anayemwona mwalimu mwanagenzi kila wiki akiwa na wanafunzi walio kwenye kazi. Akifika, mtathmini asianze na faili. Atoke nje achague kazi tatu za wanafunzi, moja nzuri, moja ya wastani, moja mbaya, na amuulize mwalimu mwanagenzi ile mbaya iliharibika katika hatua ipi na alifanya nini baada ya kuona. Jibu lake litaeleza mengi kuliko karatasi hamsini. Muhula mmoja pia ni mfupi mno, na sehemu yake ingefaa kutumika nje ya chuo. Kitui kuna kiwanda cha kaunti cha nguo, KICOTEC, kule Syongila, kilichoanza 2018 na kushona barakoa mwaka 2020 nchi ilipozihitaji. Makueni kuna kiwanda cha kusindika maembe pale Kalamba. Mwalimu wa ushonaji aliyejifunzia cherehani ya kukanyaga, akikaa wiki tatu kwenye mstari wa uzalishaji ambako mtu mmoja hushona kola tu siku nzima, atarudi akiwa na jicho jipya kuhusu kasi na usawa wa mshono. Gharama yake ni nauli na chakula.

Na muda unabana, kwa sababu mahitaji yanazidi kupanda. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 7 Januari 2023, wakakutana na Masomo ya Awali ya Kiufundi, na walimu wengi wa shule za kawaida waliopewa somo hilo hawakuwahi kushika jiriwa wala kuchora kwa vipimo. Sekondari pevu nayo ina masomo ya mbao, vyuma, umeme na ujenzi. Shule hizo haziwezi kusubiri KTTC ijaze nafasi zote. Zilizo karibu na kituo cha ufundi cha kaunti zingeweza kuanza hata mwaka huu: walimu wao waingie karakana hizo wakati wa likizo za Aprili na Agosti, wafundishwe na wakufunzi waliopo, na walimu wanagenzi wa muhula unaofuata wapelekwe hukohuko, wakifundisha Gredi ya 8 asubuhi na kituoni mchana. Kinachohitajika ni barua moja kati ya wizara na kaunti, na ufunguo wa karakana.